Fahamu: Kwa nini mgeni wa Kambarage anapima maneno baada ya uchaguzi

Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 uligubikwa na vurugu na intaneti ikazimwa. Rais Samia Suluhu Hassan, akiapishwa Dodoma tarehe 3 Novemba, alisema baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Kauli kama hiyo humgusa hata asiyehusika: kibarua Mrundi wa Kambarage, Shinyanga, ambaye akifungua tu mdomo sokoni lafudhi inamuumbua.

Hofu haikuanza hapo. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo ufundi simu, uwakala wa pesa na uchimbaji mdogo wa madini. Faini haipungui shilingi milioni 10. Ukanda wa dhahabu pia haujasahau Operesheni Kimbunga ya 2013, msako wa wahamiaji haramu uliopita Geita, Kagera na Kigoma. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, watu huitana kwa majina ya utani, na "kwenu wapi?" lilikuwa swali la kupitishia muda. Sasa linatisha.

Wapo pia waliokwisha kuvuka na kuwa raia. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, wakimbizi wa 1972 na watoto wao. Wanapiga kura kama wewe. Ila raia wa kuandikishwa hawezi kugombea urais. Mtaani, hata hivyo, lafudhi husikika kabla ya cheti kuonekana, na kumhukumu mtu kwa lafudhi ni uonevu.

Kuthibitisha uraia ni kazi ya Idara ya Uhamiaji, si ya jirani wala mwenye duara.