Je, Wajua? Kiu ya Mtoto Mchanga wa Garissa

Je, wajua kwamba mtoto mchanga wa Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana ambako hari ya Februari na Machi hupita nyuzi 35, hahitaji hata tone la maji kabla ya kutimiza miezi 6? Maziwa ya mama, ambayo zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 ni maji, humkata kiu na kumlisha kwa pamoja, hata katika nchi za joto kali, ilimradi anyonyeshwe mara kwa mara, usiku na mchana, naye mama mwenyewe anywe maji kila aonapo kiu. Maji ya kisima, maji ya sukari, hata maziwa ya ngamia, ijapokuwa ni tunu na fahari ya wafugaji wa Wajir na Mandera, hayamfai mtoto wa umri huo, kwani yaweza kumletea maradhi ya kuhara. Basi akiharisha, macho yakadidimia, utosi ukabonyea na mkojo ukaadimika, msingoje, enyi wazazi: endeleeni kumnyonyesha, na mumpeleke zahanati saa ile ile.