Neno Lisilofika: Makabidhiano ya Zamu na Ajali ya Ndege ya Texas, 1991

Aghalabu kosa la ufundi huchukuliwa kuwa kosa la mkono: nati haikukazwa, waya umeunganishwa visivyo. Ajali ya ndege ya shirika la Continental Express, iliyotokea Marekani tarehe 11 Septemba 1991, yaonyesha kwamba kosa la aina hiyo laweza kuwa la lugha pia. Ndege hiyo ya aina ya Embraer 120 ilikuwa ikitoka Laredo kuelekea Houston ilipovunjika angani karibu na Eagle Lake, jimboni Texas. Watu wote 14 waliokuwamo walifariki.

Usiku uliotangulia, ndege ilikuwa karakanani mjini Houston ili kubadilishwa mikanda ya mpira inayozuia barafu kwenye kingo za mbele za mabawa madogo ya mkiani. Ili mkanda ubadilishwe, sharti ukingo wenyewe ufunguliwe kwanza. Mafundi wa zamu ya pili walianza upande wa kulia. Mkaguzi mmoja, kwa nia njema, alipanda kuwasaidia. Alifungua skrubu za juu upande huo, kisha akahamia kushoto na kuondoa zote 47 za juu. Za chini zilibaki mahali pake.

Hapo ndipo zamu ilipobadilika. Fundi wa zamu ya pili alieleza kwa mdomo hali ya kazi, lakini mwenzake wa zamu ya tatu aliyeelezwa alipangiwa ndege nyingine baadaye. Mkaguzi wa zamu ya tatu naye alifika mapema, akalisoma daftari la makabidhiano, asikute lolote kuhusu ndege hiyo. Aliyetoa skrubu alikuwa bado hajaandika. Na alipoandika, alisema tu kwamba alimsaidia fundi kuondoa mikanda. Mwanafunzi wa pragmatiki ataitambua upesi kasoro ya sentensi hiyo: yataja tendo, haitaji upande wala hali ambamo kitu kimeachwa. Hata kama ingesomwa, msomaji aliyeona kazi ikiendelea kulia angedhani yahusu kulia.

Zamu ya tatu ilikamilisha upande wa kulia. Wa kushoto ukaahirishwa kwa kukosa muda. Ndege ikasukumwa nje, gizani. Mkia wake una umbo la herufi T, na sehemu ya juu iko takriban futi 20 kutoka ardhini, hivyo aliyesimama chini hangeweza kuyaona matundu yale. Asubuhi iliruka hadi Laredo salama. Wakati wa kurudi, ikishuka kwa kasi kuelekea Houston, ukingo wa kushoto uling'oka, pua ikainama ghafla na ndege ikavunjika.

Ripoti ya Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1992, iliwalaumu mafundi na wakaguzi kwa kutofuata taratibu. Yamkini lawama hiyo ni finyu, kwani zamu zote mbili hazikutoa wala kudai taarifa kama ilivyotakiwa. Mjumbe wa Bodi, John Lauber, alitaka uongozi wa shirika utajwe miongoni mwa vyanzo vya ajali, wenzake hawakukubali.