Simu ya baba, kamari ya mwana



Ndugu Waislamu, katika msimu uliopita wa pamba, baada ya swala ya Ijumaa mjini Bariadi, mzee mmoja mkulima alitushika mkono akauliza: "Sheikh, mchezo wa kwenye simu ni haramu?" Nasi tukamuuliza: mchezo upi? Maana ule wa nyoka anayekula na kurefuka, ambao Nokia waliuweka katika simu zao tangu mwaka 1997, haukumtoa mtu hata senti. Huo, maadamu haumpitishi mtu wakati wa swala wala haumzuii na wajibu wake, hatuoni sababu ya kuuharamisha, ijapokuwa mtoto anayeinamia kioo mpaka adhana ya Isha nasi humkemea.

Mzee akatoa simu. Mwanawe wa miaka 16 alikuwa akicheza ule wa ndege: mtu huweka fedha, ndege hupaa huku hesabu ikipanda, na asipochukua chake kabla ndege haijatoweka, hupoteza alichoweka. Nusu ya fedha za pamba zilizoingia katika simu ile zilikuwa zimekwisha.

Hiyo ni kamari, maysir iliyoharamishwa katika Suratul Maidah, aya ya 90. Na aya inayofuata imebainisha kwamba huzaa uadui baina ya watu na huwazuia na kumkumbuka Allah na swala. Sheria ya nchi ya mwaka 2003 huiita michezo ya kubahatisha, vijana huiita kubeti. Jina halibadilishi hukumu. Hata ile michezo ya watoto inayouza kwa fedha halisi kisanduku kisichojulikana ndani mna nini, haisalimiki na shaka hiyo.

Lakini kijana aliijuaje namba ya siri? Mzee akajibu kwa haya: yeye ndiye aliyempa, kwa kuwa macho yake hayaoni vyema herufi ndogo, na kijana ndiye humsomea ujumbe na kumtumia fedha. Sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Hata hivyo laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Laini ile ni ya mzee, kwa jina lake na kidole chake. Katika kumbukumbu za wenye mchezo, aliyecheza kamari ni mzee anayeswali safu ya kwanza.

Tulimshauri abadilishe namba siku ileile, na kijana aendelee kumsomea, ila namba aibonyeze mzee mwenyewe. Kijana ameshabaleghe, alichopoteza ni deni kwa baba yake, mpaka baba asamehe. Mzee akasema hatasamehe kabla ya palizi.

Zilikuwapo pia fedha kidogo za ushindi. Kilichozidi mtaji hakiliwi, hutolewa bila kutarajiwa thawabu ya sadaka. Akauliza kama kinafaa kununulia busati la msikiti. Tukamwambia apewe fukara. Busati tutalitafutia fedha nyingine.