Askofu Wulfstan na Watumwa wa Bristol

Wako watu wadhanio ya kuwa Waingereza hawakupata kuuzwa utumwani. Sivyo. Zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, Waingereza waliwauza Waingereza wenzao ng'ambo, na mtu aliyesimama kuipinga biashara hiyo alikuwa Mtakatifu Wulfstan, Askofu wa Worcester.

Wulfstan alizaliwa yapata mwaka wa 1008. Alisomeshwa katika nyumba za watawa za Evesham na Peterborough, kisha akawa mtawa huko Worcester. Alipokuwa mkuu wa watawa, maskini walimletea watoto wao awabatize, kwa sababu mapadre wengine walitaka malipo kwanza. Mwaka wa 1062 akafanywa Askofu. Miaka minne baadaye, William wa Normandy aliishinda Uingereza, na maaskofu wenyeji walipoondolewa au kufariki, wageni waliwekwa mahali pao. Wulfstan aliachwa katika kiti chake, na alipofariki Januari 1095, hakubaki mwingine aliyewekwa kabla ya ushindi huo.

Siku hizo bandari ya Bristol ilikuwa chini ya uaskofu wake. Wafanya biashara wa huko walinunua watu kutoka pande zote za Uingereza, wakawavusha bahari kwenda kuwauza Ireland. Vijana wa kiume na wa kike walionekana wamefungwa kamba, safu kwa safu. Mtawa William wa Malmesbury, aliyeandika habari za maisha ya Askofu huyo, asema kuwa desturi hiyo ilikuwa ya zamani mno, hata kumpenda Mungu na kumwogopa Mfalme hakukuweza kuikomesha.

Je, Wulfstan alifanyaje? Hakupeleka askari. Alijua kuwa ukaidi wa miaka mingi hauondoki kwa siku moja. Kwa hiyo alikwenda kukaa karibu na mji ule miezi miwili, pengine mitatu, na kila Jumapili aliwahubiri watu. Kidogo kidogo maneno yake yakawaingia, hata wenyeji wakaichukia biashara ile. Lakini hasira yao ilipita kiasi: mwenzao mmoja aliyekataa kuiacha walimfukuza na kumpofusha macho. Ukali huo si wa kusifiwa.

Mwaka wa 1102, baraza la Kanisa lililokutana Westminster lilikataza watu kuuzwa kama wanyama, na katika karne hiyo utumwa ukafifia nchini Uingereza.

Wulfstan alianza kujenga kanisa kuu jipya la Worcester mwaka wa 1084, naye alilia alipoona kanisa la wazee wake likibomolewa. Chumba cha chini cha jengo lake kingali kipo hata leo. Baba Mtakatifu Innocent wa Tatu alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka wa 1203, na Mfalme John, aliyefariki mwaka wa 1216, alizikwa katika kanisa hilo kwa matakwa yake mwenyewe.

Hata hivyo, Bristol ilikuja kusahau. Tangu mwisho wa karne ya 17, merikebu zake zilichukua Waafrika wengi kwenda utumwani ng'ambo ya Atlantiki, mpaka sheria ya mwaka wa 1807 ilipokataza. Basi ni dhahiri kuwa dhuluma iliyong'olewa na kizazi kimoja yaweza kupandwa tena na kizazi kingine, ikiwa hapana mtu wa kuwakumbusha watu.