Kinalala Tu Hapa

Mama yangu hakuwahi kusema kwamba hataki kitu. Alisema, "Kinalala tu hapa." Kiti kililala, godoro lililala, hata mwavuli uliokosa ubavu mmoja uliweza kulala miaka mitatu juu ya dari ya jikoni ukingoja mtu wake. Sufuria yetu ya lita 10, ile iliyobonyea ubavuni, ilianza kulala kaka zangu walipotoka nyumbani kwenda kutafuta maisha, kwa kuwa hapakuwa tena na vinywa vya kuijaza. Ikaamka siku kijana wa jirani alipoleta mke.

Mimi ndiye niliyetumwa nayo, nikiwa na miaka tisa au kumi. Kwanza mama aliipeleka nyuma ya jikoni akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka masizi yakaachia. Akaigonga ubavu kwa mchi, pole pole, mpaka lile bonde likapungua. Kisha akapima unga wa wimbi uliosagwa pamoja na muhogo, wa kutosha mlo mmoja wa watu wanne, akautia ndani na kufunika kwa jani la mgomba. "Chombo hakitoki hapa kitupu," aliniambia. "Ukitoa sufuria tupu umempelekea mwenzako njaa."

Jirani aliipokea kwa mikono miwili, magoti yameinama kidogo, akasema "Eyalama noi", ambayo ndiyo asante yetu kubwa kwa Kiteso. Hakufunua jani mbele yangu. Wiki mbili baadaye mtoto wake alifika kwetu na mayai matano ndani ya kibakuli. Hakuna aliyeyaita malipo. Yangeitwa malipo, namjua mama, angeyarudisha jioni ile ile.

Nayaeleza haya polepole kwa sababu mtu akipita kwetu Angurai kwa gari, akitoka Malaba kuelekea upande wa Malakisi na Mlima Elgon, ataona nyumba zilizotawanyika kati ya muhogo, mtama na mahindi, na anaweza kudhani kila boma limejitosheleza. Halijajitosheleza hata moja. Ndani ya nyumba hizo mna vitu vilivyozunguka zaidi ya wenyewe. Ninalijua kabati moja la vyombo lililokaa katika maboma manne bila kuuzwa hata mara moja.

Kuomba nako kuna mlango wake. Mwenye haja ya kitanda hafiki akasema, naomba kitanda. Anafika jioni, anaketi, anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua iliyokataa. Anakunywa chai. Akishainuka, mkono uko kwenye mlango, ndipo anauliza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na yule kijana wetu wa Nairobi, siku hizi akija analala wapi?" Mwenye nyumba ameelewa. Kama kitanda cha kijana wa Nairobi kinalala tu, atajibu, "Huyo sasa akija analala kwake, amejenga. Hebu kesho mtume mtoto." Kama bado kina kazi atasema, "Analala pale pale," na habari imekwisha. Mgeni hakuomba, mwenyeji hakunyima, na kesho watakutana kisimani kama kawaida. Sijaona adabu inayolinda watu wawili kwa wakati mmoja kuliko hii.

Mwenye kutoa naye amefungwa na sheria zake. Hatoi kilichovunjika. Mguu wa kiti ukilegea, anaupigilia kwanza. Nguo inafuliwa, inakunjwa, kifungo kilichopotea kinashonwa kingine hata kama rangi haifanani. Tena hatoi mbele ya watu. Kitu hupelekwa jua likielekea kuzama, wakati njia zina watu wachache, lakini si usiku wenyewe, kwa maana giza likishaingia wazee wengi huku hawakubali chumvi wala sindano wala moto utoke nyumbani. Kisu hakitiwi mkononi mwa mtu saa yoyote. Kinawekwa chini, naye anakiokota.

Hapa niseme linaloniuma. Kila Desemba ndugu zetu wa mijini hurudi na magunia ya nguo za zamani. Wengi huzileta kwa upendo, na zimevisha watoto wengi. Lakini nimeona pia shati lisilobaki na kifungo hata kimoja likiinuliwa juu mbele ya ukoo mzima, jina la anayelipokea likatajwa kwa sauti, na simu ikapiga picha. Mzee aliyelipokea alishukuru kama inavyompasa mtu mzima. Sikumwona akilivaa. Shati lile halikuoshwa, halikushonwa, halikupelekwa. Lilitupwa kwa mtu badala ya kutupwa shimoni.

Mbali na kwetu kuna utaratibu mwingine wa kutoa. Mwaka 2003, mjini Tucson katika jimbo la Arizona, Marekani, Deron Beal alianzisha Freecycle, utaratibu wa watu wa mji mmoja kupeana bure vitu wasivyovihitaji ili visiishie kwenye majalala. Ukaenea nchi nyingi. Sharti lake kuu ni kwamba kitu kiwe bure kabisa, bila kubadilishana, na mara nyingi mtoaji huweka kitu nje ya mlango, mchukuaji akapita akakibeba wasionane. Nia yake naiheshimu, maana ardhi haina nafasi ya takataka zetu zote. Ila Angurai kiti kilichoachwa njiani bila mwenyewe hakina wa kukigusa. Watu watakizunguka, watoto wataonywa, na mzee atauliza ni nani amekiweka pale na ana nini moyoni. Kwetu kitu hakitenganishwi na mkono uliokitoa. Mkono usipoonekana, kitu chenyewe kinatisha.

Jiwe la kusagia limenifundisha upande mwingine wa jambo hili. Bibi yangu, tata kama tunavyomwita, alikuwa na jiwe pana lililochimbika katikati kama kiganja, na jiwe dogo la kushika lililolainika mpaka likang'aa. Alipiga magoti nyuma yake, akamwaga wimbi kidogo kidogo, na mwili mzima ukaenda na kurudi. Bonde lile la katikati halikuchongwa na fundi. Ni mikono ya mama mkwe wake iliyolianza, yake ikaliongeza. Jiwe lilipita kutoka kwa mwanamke aliyezeeka kwenda kwa mwanamke aliyeolewa, na siku ya kulipokea ndiyo siku mke mgeni alipojua kwamba sasa ana jiko lake.

Kisha zikaja mashine za kusaga, za dizeli kwanza, baadaye za stima. Wake walioolewa siku hizi hawana haja ya jiwe, na si kosa lao. Aliyewahi kusaga unga wa watu kumi kwa magoti hawezi kumtakia binti yake kazi ile. Kwa hiyo mawe yanalala. Mengine yamekuwa ngazi ya mlango, mengine yanashikilia bati lisipeperuke, na moja nililikuta limejaa maji ya kuku. Tata alipokuwa amedhoofika aliliulizia jiwe lake, na akaambiwa lipo. Akataka kujua nani amepewa. Hapakuwa na jibu. Kuna vitu ambavyo kuvitoa ni rahisi na kumpata wa kuvipokea ndiyo shida, na mwenye navyo anaumia kuliko aliyenyimwa.

Kwa vijana, jiwe lao ni sanduku la bati. Mwanafunzi wa kidato cha nne akimaliza mtihani, sanduku lake, ndoo, beseni na godoro lililobonyea katikati haviendi mbali. Anakuja mtoto wa shangazi anayeanza shule ya bweni, na jina la zamani linafutwa kwa rangi, jipya linaandikwa juu yake. Nimeona sanduku moja lenye majina manne, kila moja likichungulia chini ya lingine. Mtaala umebadilika, mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini masanduku ni yale yale.

Vitu vya marehemu ni habari nyingine, nayo haitaki haraka. Havigawiwi mpaka wazee wa ukoo wakae, na hata mjane mwenye kanzu kumi za mume kabatini atangoja siku hiyo.

Soko nalo limeingia katikati. Malaba ni mji wa mpakani, mji wa malori, na palipo na malori kila kitu kina mtu wa kukipima. Vijana wanapita na mikokoteni hadi vijijini wakinunua chuma chakavu kwa kilo: sufuria iliyotoboka, jembe lililochakaa, fremu ya baiskeli. Mwenye shida ya shilingi hamsini simlaumu. Ila sufuria ya alumini inayoweza kuzibwa na fundi kwa kipande cha bati inakwenda kuyeyushwa ilhali kuna bibi harusi mahali anapikia kwenye kopo. Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu baada ya milingoti ya stima kuhujumiwa, marufuku iliyodumu mpaka Mei mwaka huo, mikokoteni ilipungua njiani. Miezi ile nilisikia tena maneno niliyoanza kuyasahau: kuna jembe linalala hapa, mwambie fulani atume mtoto.

Tena kutoa si kuazima, na hilo tunajifunza mapema. Ivan Karp, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wateso wa Kenya na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1978, aliandika pia juu ya unywaji wetu wa ajon, pombe ya wimbi. Alikuwa ameona vizuri pa kutazama. Nyungu ni moja, imewekwa katikati, na maji moto yanaongezwa humo kwa wote. Lakini kila mnywaji ana mrija wake mrefu. Mtoto wa Kiteso anakua akiona hivyo, kwamba kuna cha kati yetu na kuna cha mkononi mwangu, na kwamba mtu anayejua adabu havichanganyi. Ndiyo maana hatusemi "nipe" tukimaanisha "niazime". Kilichotolewa hakiulizwi tena, hata ukikiona kimewekwa vibaya kwa jirani. Kilichoazimwa kinarudi, hata kama ni uzi.

Mwaka jana shangazi yangu aliyeolewa upande wa Tororo, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, alikuja kwetu msibani, na akarudi na godoro. Mpaka ule kwetu ni jambo la juzi. Hadi mwaka 1902 Waingereza walihesabu eneo letu hili lote kuwa la Uganda, kisha wakahamisha mstari, na Wateso wakaamka wakiwa wa nchi mbili. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wateso 417,670 nchini Kenya, na ng'ambo ya mto Malaba wako wengi zaidi. Ng'ambo wako shangazi, wajomba, wakwe, na ng'ombe wa mahari waliovuka enzi ambazo hapakuwa na wa kuuliza. Hata neno boda boda lilizaliwa mpakani huku, kwa wapanda baiskeli wa Busia waliovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha.

Godoro lilikuwa la mama, lile alilolalia kabla hatujamnunulia jipya. Alikuwa amelianika juani siku mbili, akafua foronya na kushona pembe iliyofunguka. Tukalikunja, tukalifunga kwa kamba ya katani juu ya pikipiki, shangazi akakaa nyuma yake. Nilifuatana naye kwa pikipiki nyingine hadi Malaba. Pale afisa mmoja, kijana mpole, akaliangalia lile furushi na kuuliza swali la kazi yake.

"Mama, umenunua bei gani?"

"Sijanunua, mwanangu. Nimepewa."

"Na nani?"

"Na wifi yangu."

"Sasa tuseme lina thamani gani?"

Shangazi alinyamaza. Hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anatafuta jibu kweli, mkono wake juu ya ile pembe iliyoshonwa. Mwishoni alisema, "Kaka yangu alifia juu yake." Afisa akasimama kidogo, akampa pole, akamwashiria apite.

Baada ya mavuno, mwanawe alivuka kuja kwetu na gunia la karanga, zile nyekundu ndogo. Mama alilifungua akachota kiganja, akazinusa, akaniambia niwapelekee jirani zetu wawili kabla jua halijazama. Gunia lilikuwa limefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Mama aliifungua kwa meno, akainyoosha, akaizungusha kwenye kiwiko mpaka ikawa kitanzi kidogo, akaitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Kamba hakuwa ametoa. Alikuwa ameazima.