Tumbo Linalouma Siku za Shule Tu

Siku moja ya mvua, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa darasa la tano. "Mwanangu," aliniambia, "tumbo la huyu humshika kila asubuhi ya shule." Nilikuwa nimekwisha kumpa dawa ya minyoo mara mbili. Safari ile ya tatu ndipo nilipomwuliza mtoto mwenyewe: "Jumamosi nalo linauma?" Akatikisa kichwa. Nikamwuliza usiku analalaje. Akaanza kulia.

Mama yake alikuwa amefariki miezi michache kabla, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye kuzungumza juu ya kifo hicho. Usiku hakulala, shuleni alichapwa kwa kusinzia. Mimi nilitibu minyoo, naye alikuwa anaumwa huzuni na hofu.

Hofu huharibuje masomo?

Mtu akiogopa, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo hudunda, misuli hukaza, tumbo husokota. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini mtoto anayeishi na vipigo, ulevi wa mzazi, njaa au msiba hapati nafasi ya kutulia. Usingizi hukatika, na akili iliyo macho kutazama hatari haishiki hesabu. Sisi humwita mvivu au mtukutu.

Watoto hao si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kijinsia. Mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, lakini haitoshi mtoto kuwepo darasani kwa mwili tu.

Je, mtoto huyo amekwisha kupotea?

Hapana. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto waliozaliwa mwaka 1955. Kati ya waliokulia katika shida nyingi, karibu theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na utulivu. Jambo moja lililowasaidia ni kuwa na mtu mzima aliyewapenda bila kuyumba. Si lazima awe mzazi. Aweza kuwa bibi, mwalimu au jirani. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Tufanye nini nyumbani?

1. Mtoto aambiwe ukweli wa msiba kwa maneno anayoyaelewa. Usimwambie mama amesafiri, atakaa akimngoja.

2. Awe na saa ya kulala, saa ya kula na kazi ndogo za nyumbani zisizobadilika ovyo. Utaratibu humpa usalama. Asubuhi asiende shule bila chochote tumboni. Hata ndizi au kiazi na kikombe cha chai humsaidia.

3. Akishindwa mtihani, uliza kwanza kuna nini. Fimbo huongeza hofu ileile inayomzuia kujifunza.

4. Mweleze mwalimu wa darasa yaliyompata mtoto. Mwalimu asiyejua huadhibu jeraha.

5. Akikuambia ametendewa vibaya, msadiki, usimalize jambo kwa kikao cha ukoo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga simu 116, ambayo ni bure. Kama amebakwa, afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI.

Mtoto akianza kukojoa kitandani tena, akijitenga, au akisema afadhali afe, mlete kituo cha afya siku hiyohiyo.

Yule kijana hakupewa dawa ya tatu. Bibi yake alianza kukaa naye jioni jikoni, wakimzungumza marehemu, na mara nyingine wakilia wote wawili. Mwalimu alielezwa, akamhamishia dawati la mbele. Mwisho wa mwaka hakuwa wa kwanza darasani, lakini alikuwa akienda shule kila siku, na tumbo lilikuwa limetulia.

Katika jumuiya yako, nani anamwuliza mtoto wa jirani amelalaje?