Seva ya proksi: inamficha mfanyabiashara, lakini kwa nani?

Mfanyabiashara anayevusha mizigo mpakani hufanya kazi nyingi za ofisi akiwa njiani. Leo anafungua barua pepe kwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni Namanga, kesho anatuma ankara kutoka duka la huduma za intaneti Tunduma, keshokutwa anaangalia salio la benki akisubiri foleni ya malori Malaba. Mitandao hiyo yote si yake. Ndiyo maana wengi huvutiwa na seva za proksi zinazotangazwa kuwa zinamficha mtumiaji na kulinda siri zake, tena bure.

Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Makala haya yanaeleza proksi ni nini, inaficha kitu gani, haifichi kitu gani, na kwa nini proksi ya bure inaweza kumgharimu mwenye mzigo kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Tovuti inajua nini kuhusu mgeni wake?

Kila kompyuta au simu inayoingia kwenye intaneti hutumia namba iitwayo anwani ya IP. Bila namba hiyo tovuti haiwezi kujua ipeleke wapi ukurasa ulioombwa. Kwa kuitazama, mwenye tovuti anaweza kufahamu mgeni wake yuko nchi gani na anatumia kampuni gani ya intaneti, na mara nyingine hukisia hata mji. Hawezi kupata jina wala namba ya nyumba kwa anwani hiyo peke yake. Kampuni ya simu ndiyo yenye kumbukumbu za nani aliitumia na saa ngapi.

Upande wa pili, mwenye mtandao ambao mtu ameunganishwa nao, awe hoteli, duka la intaneti au kampuni ya simu, anaweza kuona ni tovuti zipi zinazotembelewa. Kama tovuti haina ulinzi, anaweza pia kusoma kinachoandikwa humo.

Proksi ni kama wakala wa forodha

Wasafirishaji wataielewa proksi upesi wakimfikiria wakala wa forodha. Mwenye mzigo haendi dirishani mwenyewe. Anampa wakala karatasi, wakala anakwenda, na ofisa anaona sura ya wakala.

Seva ya proksi hufanya hivyo hivyo. Ni kompyuta iliyo mahali pengine, inayopokea ombi la mtumiaji, kwenda kwenye tovuti kwa niaba yake, kisha kumletea jibu. Tovuti huona anwani ya proksi. Mtu aliyeko Kampala akipitia proksi iliyoko Uholanzi, tovuti itadhani mgeni wake yuko Uholanzi.

Proksi hazikuanza kama chombo cha kujificha. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti ya ukanda huu ilitegemea satelaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Proksi ilisaidia kuhifadhi kurasa zinazoombwa mara kwa mara ili zisivutwe upya kila mara. Hadi leo kampuni nyingi huzitumia kuhifadhi kurasa na kuzuia wafanyakazi kufungua tovuti zisizohusu kazi.

Lakini kila mwenye mzigo anajua jambo moja: wakala aliyeficha sura ya mteja wake dirishani ndiye huyo huyo aliyeshika karatasi zake zote. Anajua mzigo ni nini, una thamani gani na unakwenda kwa nani. Mwenye proksi naye yuko hivyo. Siri iliyofichwa kwa tovuti imehamia kwake.

Wakala asipokuwa mwaminifu

Mwezi Agosti 2007, Dan Egerstad, mtaalamu wa usalama wa kompyuta kutoka Sweden, alitangaza hadharani maneno ya siri ya akaunti 100 za barua pepe, nyingi zikiwa za balozi na ofisi za serikali. Hakuvunja kompyuta ya mtu. Alikuwa ameweka seva zake kwenye Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano katika seva kadhaa ili kumficha mtumiaji. Seva zake zilikuwa za mwisho kwenye njia hiyo, mahali ambapo mawasiliano hutoka kwenda kwenye tovuti. Watumiaji waliamini wamefichwa, na kweli anwani zao zilikuwa zimefichwa. Ila barua zao zilikuwa wazi, na aliyekaa mlangoni alizisoma.

Kisa cha pili ni cha karibuni. Mwezi Mei 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunja mtandao wa kihalifu ulioitwa 911 S5. Wahusika walisambaza programu za bure, zikiwemo MaskVPN na DewVPN. Waliozipakua walidhani wamepata kinga, kumbe kompyuta zao ziligeuzwa kuwa proksi za kukodishwa kwa wahalifu. Anwani za IP zaidi ya milioni 19 katika nchi karibu 200 zilihusika. Mwizi aliiba fedha mtandaoni, na anwani iliyoonekana ni ya mtu ambaye hakujua lolote.

Kuendesha seva kunahitaji fedha za mashine, umeme na intaneti kila mwezi. Anayeitoa bure kwa watu asiowajua lazima ana mahali anapozirudisha. Wengine hurudisha kwa matangazo, wengine kwa kuuza taarifa za wateja, na wengine kwa wizi.

Kufuli la kivinjari lina maana gani?

Kinga kubwa zaidi haitokani na proksi. Inatokana na HTTPS, ulinzi unaofanya anwani ya tovuti ianze kwa "https" na ambao vivinjari vimezoea kuuonyesha kwa alama ya kufuli. HTTPS ni kama bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Wakala anaweza kuibeba na kujua inapelekwa ofisi gani, lakini hawezi kusoma kilichomo. Barua za visa vya mwaka 2007 zilisomeka kwa sababu hazikuwa ndani ya bahasha ya namna hiyo.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu proksi ziko za aina mbili.

Ya kwanza ni ile inayowekwa kwenye mipangilio ya kompyuta au simu. Hii hupitisha bahasha ya HTTPS ikiwa imefungwa. Kivinjari kikitoa onyo kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, huenda kuna mtu katikati anayejaribu kuifungua bahasha. Onyo hilo halipaswi kupuuzwa hata kidogo, hasa kwenye tovuti ya benki.

Ya pili ni tovuti ya proksi, ile yenye kisanduku ambamo mtu huandika anwani ya mahali anapotaka kwenda. Hapa proksi yenyewe ndiyo inayofungua ukurasa wa benki, kisha kumwonyesha mtumiaji. Kufuli analoliona ni la kati yake na proksi, si la kati yake na benki. Neno la siri analoandika linafika kwa mwenye proksi likiwa wazi. Tovuti za namna hii hazifai kabisa kwa benki, barua pepe au mfumo wa forodha.

Wako waliowahi kutumia njia inayofanana na hiyo bila kujua. Opera Mini, kivinjari kilichosambazwa duniani kuanzia mwaka 2006 na kupendwa Afrika kwa kubana matumizi ya data, katika hali yake ya kubana zaidi hufungua kurasa kwenye seva za kampuni ya Opera kabla ya kuzituma kwa simu. Kwa kusoma habari hakuna tatizo. Kwa mambo ya fedha, ni bora kuzima hali hiyo au kutumia kivinjari kingine.

Mambo ambayo proksi haifichi

Proksi haimzuii aliyeweka programu ya kunasa herufi kwenye kompyuta ya kukodi. Neno la siri hunaswa kwenye kibodi, kabla halijafika kwenye proksi yoyote.

Haifichi jina la mtu aliyekwisha kujitambulisha. Akiingia kwenye akaunti yake ya barua pepe, kampuni ya barua pepe inamjua hata akipitia proksi kumi.

Haifichi mahali lori lilipo. Kifaa cha kufuatilia mzigo chini ya mfumo wa kanda wa kufuatilia shehena kwa elektroniki hutuma taarifa kwa njia yake, nayo haipiti kwenye simu ya dereva.

Wala haifichi picha ya hati za mzigo iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Mwizi anayetaka kujua lori fulani limebeba nini hana haja ya anwani ya IP ikiwa orodha ya shehena, namba ya gari na namba ya dereva vimekwisha kuzungushwa kwenye simu.

VPN na sheria za nchi jirani

VPN ni ndugu ya proksi. Tofauti yake ni kwamba hufunga mawasiliano yote ya kifaa, si ya kivinjari tu, kutoka kwa mtumiaji hadi kwenye seva ya VPN. Inafaa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya bandarini, kwa kuwa mwenye mtandao huo hawezi kuona zaidi ya handaki lililofungwa. Hata hivyo swali la wakala linabaki pale pale, kwa sababu mwenye VPN anaona tovuti zinazotembelewa.

Anayevuka mipaka anapaswa pia kujua kwamba sheria hazifanani. Nchini Uganda, VPN zilipata wateja wengi kuanzia Julai 1, 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021 na badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza teknolojia ya kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyozuiwa, na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa kazi zao kutoa taarifa zao kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Kampuni ya usafirishaji inayounganisha ofisi zake kwa VPN inashauriwa kuuliza mamlaka husika kabla ya kuitumia, isingoje kuulizwa.

Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humpa mteja pa kulalamika pale kampuni inayojulikana inapovujisha taarifa zake. Kwa seva ya bure isiyo na jina wala ofisi, mlalamikaji atamshitaki nani?

Hatua za kuchukua

1. Akaunti za benki, malipo ya simu, barua pepe ya biashara na mifumo ya forodha zifunguliwe kwenye simu au kompyuta ya mwenyewe, kwa data ya laini yake. Hii ni salama kuliko Wi-Fi ya bure yenye proksi ya bure.

2. Ikiwa lazima kutumia kompyuta ya kukodi, iwe kwa kusoma na kuchapisha tu. Neno la siri lililoandikwa hapo libadilishwe mara mtu anapopata kifaa chake.

3. Barua pepe iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ili mwenye kuiba neno la siri akwame kwenye hatua ya pili.

4. Anayehitaji VPN achague kampuni yenye jina, anwani na masharti yanayosomeka, na aulize kwanza sheria ya nchi aliyopo.

5. Benki zikiona mteja wa Arusha ameingia kutoka Ulaya zinaweza kufunga akaunti kwa tahadhari. Proksi au VPN ya nje izimwe kabla ya kufungua benki, la sivyo malipo yanaweza kukwama lori likiwa tayari mpakani.

6. Ujumbe unaosema kwamba akaunti ya benki ya muuzaji imebadilika usifanyiwe kazi kabla ya kumpigia muuzaji kwa namba ya zamani. Mwizi aliyesoma barua za mfanyabiashara husubiri siku ya malipo, kisha hutuma ankara inayofanana na ile halisi kwa kila kitu isipokuwa namba ya akaunti.

Hatua hii ya sita haihitaji utaalamu wa kompyuta, na gharama yake ni dakika chache za simu. Proksi ina kazi yake, na aliyeipata kwa mtu anayemwamini atafaidika nayo. Lakini hakuna mwenye mzigo anayemkabidhi karatasi zake mtu aliyemkuta getini kwa sababu tu amesema hatoi bili. Neno la siri la benki linastahili uangalifu huo huo.